Ubora wa Mkanda wa VHS Huamuliwa na Deki

Anayepeleka mkanda wa harusi kuhamishiwa kwenye flashi huuliza kompyuta itakayotumika na programu ya kung'arisha picha. Kuhusu deki haulizi, ilhali ubora unapatikana au kupotea humo. Ndani yake mna ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, imeinamishwa kidogo. Mkanda wenyewe hujikokota sentimita mbili na ushee kwa sekunde, lakini katika mfumo wa PAL, tuliokuwa tukiutumia sisi Watanzania na wenzetu wa Kenya na Oman, ngoma huzunguka mara 25 kwa sekunde. Vichwa viwili vilivyopachikwa ukingoni mwake husoma michirizi ya mshazari, kila mchirizi ukibeba nusu ya mistari ya picha. Hivyo kichwa hupita juu ya mkanda kwa karibu mita tano kwa sekunde, na ndiyo maana kaseti moja iliweza kubeba saa 3 za sherehe. Hila hiyo ina gharama yake. Kila mstari wa picha unapaswa kuanza mikrosekunde 64 baada ya uliotangulia, na mkanda uliokaa miaka 30 umevutika hapa, umesinyaa pale. Mstari mmoja huwahi, mwingine huchelewa, na fremu ya mlango iliyonyooka huonekana ikipinda kama nyoka. Televisheni za kioo kinene zilivumilia kasoro hiyo. Vifaa rahisi vya kunasia video havivumilii: vikipotewa na mapigo ya mistari huruka picha nzima, hadi sauti na midomo vinaachana. Dawa ni kirekebisha muda, saketi inayoushika kila mstari na kuuachia kwa wakati wake. Baadhi ya deki za S-VHS zinayo ndani, na fundi asiyejua kama deki yake inayo hafai kukabidhiwa mkanda usio na nakala.

Wapo wasemao VHS ni hafifu tangu mwanzo, basi ya nini kujisumbua? Kwa kuwa ni hafifu, haina akiba ya kupoteza. Ukiibana mno, kompyuta huzihesabu chenga kuwa ni picha na kuzipa nafasi ambayo uso ungeihitaji. Ukitupa nusu moja ya mistari, kama wengi wafanyavyo, mwendo wa wachezaji wa msewe unabaki na hatua 25 kwa sekunde badala ya 50. Wengine wanaitegemea akili mnemba irudishe ukali. Hiyo hairudishi kitu. Inabuni uso unaoelekea kufaa, na uso wa marehemu haupaswi kubuniwa. Anayetaka aijaribu juu ya nakala.

Gharama ni hoja ya kweli, lakini inapanda kadiri tunavyosubiri. Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa mtengenezaji wa mwisho wa deki, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na bado tunaziuza deki nzima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huo ni uzembe. Na kinachohatarishwa ni kumbukumbu zetu: Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kabla ya hapo, harusi na ngoma nyingi zilizopigwa picha za mwendo zimo katika mikanda ya watu binafsi. Mwaka 2019 UNESCO ilizindua tahadhari kuhusu kanda za sumaku, na wahifadhi wakautaja 2025 kuwa ukomo. Makabati yetu hayakushtuka.

Kwa anayeanza: mkanda wenye ukungu usiingie kwenye deki kabla haujasafishwa; vichwa visafishwe; waya wa S-Video utumike kama tundu lipo, badala ya ule wa njano; nakala kuu iwe ya muundo usiopoteza kitu, mfano FFV1, ijapokuwa inakula makumi ya gigabaiti kwa saa; nakala ndogo ya WhatsApp itolewe humo. Na kaseti isitupwe, kwani programu ya vhs-decode sasa inaifasiri ishara ghafi ya vichwa, kabla saketi za deki za kuchakata picha hazijaigusa.