Shika Hili Jina: Esse Akida

Ingia Kariokor sokoni, kati ya nyama choma na viatu vya ngozi, uombe watu wakutajie wanasoka wa Kenya. Wanyama na Olunga watakuja mbio. Wasichana? Kimya.

Basi shika hili jina: Esse Akida, kiungo mshambuliaji. Novemba 2016, nchini Kamerun, Harambee Starlets walikuwa Kombe la Afrika mara ya kwanza kabisa. Ghana ilitupiga 3-1, lakini hilo moja letu alifunga Akida, na ndilo goli la kwanza la Kenya kwenye mashindano hayo. Alipitia Thika Queens, akaenda Ramat HaSharon ya Israel mwaka 2018, baadaye Beşiktaş ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki.

Sasa wewe unayesema mpira wa madem hauna chapaa, jiulize: mdhamini gani ataweka pesa mahali viti ni vitupu? Oktoba 2025 Starlets waliiondoa Gambia, wakafuzu tena. Ukisikia wanacheza Nyayo, panda mat twende.

Na huyo sista yako mdogo anayepiga watu chenga kwa ploti, usimcheke. Mtafutie njumu. Gikomba ni hapo tu.