MAJI YA NAIROBI: YATOKA WAPI, NA NANI HUAMUA?

Mkaaji wa Nairobi afunguapo bomba asubuhi na lisitoe hata tone, huuliza kwa nini wakubwa wa mji hawafanyi kazi. Na mkulima wa Murang'a aonapo mabomba makubwa yakipita karibu na shamba lake kwenda mjini, huuliza kwa nini yeye achote mtoni. Maswali haya mawili ni ya haki, na majibu yake yahusiana. Yafaa kila mtu aelewe jinsi maji yanavyofika mjini, na nani mwenye amri juu yake.

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika mahali hapo mwaka 1899, maji ya mto yalitosha kambi ya wajenzi. Lakini kambi ikawa mji, na mwanzoni mwa karne ya 20 maji yakaanza kuletwa kutoka chemchemi za Kikuyu. Tarehe 30 Machi 1950, Nairobi ilipopewa heshima ya kuitwa jiji, bwawa la Ruiru lilikuwa limekwisha kujengwa. Baadaye likafuata bwawa la Sasumua, huko Kinangop, na ukuta wake ukainuliwa tena mwaka 1968.

Bwawa kubwa kupita yote ni Ndakaini, katika Murang'a, yapata kilomita 50 kaskazini ya mji. Lilimalizika mwaka 1994, nalo laweza kuweka lita milioni elfu sabini. Maji yake hupita chini ya vilima hadi mto Chania, kisha huingia katika mitambo ya Ngethu. Huko hutiwa dawa ya kutuliza matope, huchujwa, na kutiwa klorini ya kuua vijidudu. Ndipo yateremkapo kwenda matangi ya Gigiri, na kutoka huko hugawanywa mitaani.

HESABU YA WATU NA MAJI

Hapa ndipo penye shida. Katika hesabu ya mwaka 1989 Nairobi ilikuwa na watu 1,324,570. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 4,397,073, yaani zaidi ya mara tatu. Lakini baada ya Ndakaini ilipita miaka 28 kabla ya chanzo kingine kikubwa kufunguliwa. Hicho ni njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 11.8, iliyozinduliwa mwaka 2022, ambayo yachukua sehemu ya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati.

Kwa sababu hiyo, mvua zilipopungua na Ndakaini ikashuka, mji ulilazimika kuanza kugawa maji kwa zamu mwezi wa Januari 2017. Bwawa halijengwi kwa siku moja. Shauri lisilokatwa leo ni bomba kavu baada ya miaka 20.

HATARI YA BOMBA TUPU

Bomba tupu si taabu tu, bali ni hatari. Bomba likijaa, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje, na uchafu hauwezi kuingia. Likiwa tupu, uchafu wa mtaroni huingia kwa kila ufa. Mtu atobowaye bomba usiku ili ajiunganishie maji bila kibali, akipitisha mpira wake katika mfereji wa maji machafu, awafungulia kipindupindu mlango wa kuingia katika nyumba za jirani zake. Naye aliye maskini huumia zaidi, maana hununua maji kwa mtungi, na kila lita humgharimu zaidi kuliko mwenye bomba nyumbani.

Tena, zaidi ya theluthi moja ya maji yaliyokwisha kusafishwa hayalipiwi, ama kwa kuvuja, ama kwa kuibwa, ama kwa mita mbovu. Kuziba nyufa hizo ni sawa na kupata bwawa jingine.

NANI HUAMUA?

Zamani Baraza la Jiji lilisimamia maji lenyewe. Baada ya Sheria ya Maji ya mwaka 2002, kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni iliyo mali ya Baraza. Tangu mwaka 2013, chini ya Katiba ya mwaka 2010, Baraza limekoma na mahali pake pameshikwa na Serikali ya Kaunti, ambayo ndiyo yenye kampuni hiyo. Mabwawa makubwa hujengwa na Serikali ya nchi, na bei ya maji huidhinishwa na halmashauri ya nchi nzima. Basi mwananchi mwenye malalamiko ajue kwanza apeleke wapi.

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, Serikali ya Kaunti hutakiwa kupeleka makadirio ya fedha mbele ya Bunge la Kaunti. Sheria yataka wananchi waulizwe maoni yao kabla ya makadirio hayo kupitishwa. Mtaa usiopeleka mtu wa kusema habari ya bomba lake, usishangae fedha zikienda kwingine.

WALIO MLIMANI NA WALIO BONDENI

Mwisho, tusimsahau mkulima wa milimani. Alimaye mteremko bila kuacha kingo za majani, udongo wake huteremka na mvua mpaka bwawani. Hapo bwawa hupungua kina, na gharama ya kusafisha maji huongezeka. Yeye aichungaye ardhi yake huwatunzia watu wa mjini maji yao. Basi ni haki wenyeji wa Murang'a wanapodai kwamba mabomba yapitayo kwao yasiwaache na kiu, na madai yao hayafai kupuuzwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Aonaye bomba linavuja na atoe habari siku hiyo hiyo, na aitwaye mkutanoni na ahudhurie.