Siasa za Uarabuni na darasa lililo jirani, Katumba



Ndugu Muislamu, ukikaa barazani mwa msikiti hapa Mpanda baada ya swala ya Ijumaa, hutakosa kusikia habari za Gaza, Yemen au Sudan. Ni jambo la kheri kuwaonea uchungu ndugu zetu. Lakini wengi wetu huzipokea habari hizo kana kwamba kila risasi ya huko ni ya dini, na kila nchi ya huko ni ya Waarabu. Wairani si Waarabu, wala Waturuki.

Tuvitazame vita vya Iraq na Iran, vya mwaka 1980 hadi 1988. Hapa kwetu vimezoeleka kuhadithiwa kuwa vya Sunni na Shia. Mbona basi Waislamu wengi wa Iraq ni Mashia, na Mashia hao ndio waliojaa katika safu za askari wa Saddam Hussein? Yaliyogombewa ni mpaka wa mto Shatt al-Arab na ukubwa katika Ghuba, pamoja na hofu ya Saddam juu ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979. Agosti 1990 Saddam huyo huyo akaivamia Kuwait, iliyokuwa imemkopesha fedha za vita vile. Na kabla ya hapo, Yemen ilipopinduliwa mwaka 1962, Saudi Arabia ilimsaidia Imamu wa madhehebu ya Zaidi, ambao ni Mashia, dhidi ya jamhuri iliyoungwa mkono na majeshi ya Misri, nchi ya Sunni kama yeye Saudia.

Mtu wa Mpanda hana haja ya kusafiri hadi Cairo ili alifahamu hili. Katumba iko jirani. Makazi yale yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972; ya Mishamo yakafuata mwaka 1978. Waliouana kule walisema Kirundi kimoja, na wengi wao walisali katika kanisa moja. Ugomvi ulikuwa ni nani ashike serikali na jeshi. Leo wengi wa wakimbizi wale na watoto wao ni raia wenzetu, na wazee waliobaki wanaweza kuulizwa.

Hakuna asemaye kuwa Palestina haituhusu. Tanzania ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, na Rais wakati huo, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki. Aliiona dhulma bila kuuliza dini ya aliyedhulumiwa.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakiki habari iletwayo na fasiki. Aya ya 9 inayataja makundi mawili yanayopigana, na yote mawili inayaita ya waumini. Khatibu anayepanda mimbari kusimulia vita vya mbali angeanza na ramani, kisha aulize nani anauza silaha na mafuta yanapita wapi, kabla hajamtaja Shia au Sunni mbele ya vijana ambao kesho watakataa kuswali nyuma ya jirani yao.

Ijumaa ijayo, inshallah, tutaiangalia Sudan, ambako Aprili 2023 majenerali wawili, wote Waislamu wa Sunni, walianza kupigana ndani ya Khartoum katika siku za mwisho za Ramadhani.