Cheo, Mapato na Furaha ya Mwanasheria

Watu wengi hudhani kwamba mwanasheria mwenye cheo kikubwa na mshahara mnono ndiye mwenye furaha zaidi. Je, dhana hiyo ni sahihi?

Mwaka 2015 wataalamu wawili wa Marekani, Lawrence Krieger na Kennon Sheldon, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanasheria zaidi ya 6,000 katika majimbo manne ya nchi hiyo. Ilidhihirika kwamba mapato na alama za chuoni vilikuwa na uhusiano hafifu tu na furaha. Wanasheria wa utumishi wa umma, ingawa walilipwa kidogo, walikuwa na furaha zaidi kuliko wenzao wa kazi zenye hadhi na malipo makubwa. Tena walikunywa pombe kidogo zaidi.

Mambo yaliyoandamana sana na furaha ni matatu: uhuru wa kujiamulia, umahiri katika kazi, na uhusiano mwema na watu. Anayekimbilia cheo huweza kuyapoteza yote: huishi kwa matakwa ya wengine, hujiona duni mbele ya aliyemzidi, na hukosa nafasi ya kukaa na jamaa zake.

Hivyo basi, mwanafunzi anayechagua kazi asiulize mshahara peke yake.