Barabara Haidaiwi Faida

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo kuna mjomba anayependa kutuma ujumbe mrefu kuhusu SGR. Hoja yake ni moja: treni inaendeshwa kwa hasara, nauli haiwezi kurudisha mkopo, fedha zile zingejenga barabara. Naamini kila ukoo una mjomba wa namna hii. Mimi humjibu kwa swali: je, barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ilituingizia faida ya shilingi ngapi mwaka jana? Hilo bado hajalijibu.

Hapa Doha nakwenda kazini kwa metro, laini ya kijani, kutoka Al Mansoura hadi kituo cha Hamad Hospital. Nauli ni riyal 2. Lita moja ya petroli nayo ni kama riyal 2, bei ambayo nyumbani ingepokelewa kwa vigelegele. Kwa hiyo hapa gari si anasa, na barabara ni pana kama viwanja vya mpira. Hata hivyo serikali ilijenga metro ya kilomita 76 na vituo 37, sehemu kubwa ikipita chini ya ardhi. Laini nyekundu ilifunguliwa Mei 2019, na nyingine mbili kabla mwaka ule haujaisha. Mnakumbuka Kombe la Dunia la 2022, mashabiki walivyojaa humo.

Riyal 2 haiwezi kulipia mahandaki, viyoyozi na treni zinazojiendesha bila dereva. Tofauti inalipwa na serikali. Inalipia pia vibasi vya metrolink, vinavyokuchukua bure kutoka kituoni hadi karibu na unakokwenda. Mimi vibasi hivyo navipenda kuliko treni yenyewe. Aliyewahi kutembea hatua mia tano hapa mwezi wa Julai, saa nane mchana, atanielewa. Ndani utakuta walinzi, mafundi, wahudumu wa hoteli, na sisi wauguzi na sare zetu kwenye mifuko.

Najua mtasema Qatar ina gesi, sisi tuna madeni. Ni kweli. Ila deni la reli tunalisikia kila siku kwa sababu lina jina. Gharama za barabara zimetawanyika, hazionekani. Kila lita ya petroli na dizeli Tanzania ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Mama yangu hana gari wala pikipiki, lakini unga anaonunua umeletwa na lori, na bei ya dizeli imo ndani ya kilo ile. Reli nayo ina tozo yake kwenye bidhaa zinazotoka nje, iliyoanza mwaka 2015 kwa asilimia 1.5. Basi wote tunachangia vyote viwili, tuwe na usukani au tusiwe nao.

Kuna gharama nyingine ambayo mjomba hajawahi kuiweka kwenye hesabu zake. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi wodi ya majeruhi. Jumapili jioni na siku za sikukuu tulikuwa tunaandaa vitanda mapema, kwa kuwa tulijua barabara kuu ingetuletea wageni. Mtu akivunjika paja analala wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Dukani kwake pamefungwa, mtoto karudishwa ada, dada kaacha kazi ili ampikie uji. Shirika la Afya Duniani linasema barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani. Hakuna anayeyaita haya hasara ya barabara. Tunayaita ajali.

Mwenzangu wa chumba anatoka Mombasa, naye hataki nisifie reli bila kutaja ya kwao. Treni ya Mombasa–Nairobi ilianza 2017 kwa mkopo wa China na nauli ya shilingi 700 za Kenya daraja la kawaida. Baadaye ikawa 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Inatumia dizeli, kwa hiyo mafuta yakipanda na abiria anapanda nayo. Tena ukifika Nairobi unashuka Syokimau, ukiwa bado na safari ya kuingia mjini. Wakati huohuo kuna barabara ya kulipia ya kilomita 27, sehemu yake ikiwa imeinuliwa juu ya Mombasa Road. Mwenye gari na fedha anapita juu, matatu nyingi zimebanana chini.

Kwetu treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Daraja la kawaida ni shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Mama ana kliniki ya moyo Muhimbili. Kwa basi alikuwa anatoka Msamvu alfajiri, anafika Mbezi miguu imevimba, kisha anaanza safari nyingine kwenda Upanga. Alikuwa analala kwa shangazi ili awahi asubuhi. Sasa namkatia tiketi kwa simu nikiwa hapa Doha, anafika chini ya saa mbili, tena katikati ya jiji. Kliniki mbili alizozikosa mwaka ule wa mabasi hazijajirudia.

Hata hivyo, sitaki senti moja itolewe TARURA kwa ajili ya treni. Mjamzito wa kijijini wakati wa masika anahitaji kalavati na barabara inayopitika hadi zahanati, na reli haitamfikia milele. Fedha ninazozigombania ni zile za kupanua barabara kuu za mijini kila zinapojaa, ambazo baada ya muda hujaa tena.

Nyumbani kwetu kinachonikera zaidi sasa ni kipande cha mwisho. Stesheni ya Morogoro iko mbali na katikati ya mji, na mama, mwenye moyo ule, anarudi jioni kwa bodaboda. Kila mwezi wa kliniki natuma nauli ya treni na nauli ya bajaji kando, na kila mara ananiambia bajaji ni ghali, kapanda boda.