Madodoso ya tovuti: Je, yanaonesha kero halisi za mwananchi?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anayemaliza kuomba huduma katika tovuti ya taasisi ya umma siku hizi aghalabu hukutana na kidirisha kidogo kinachomuuliza iwapo ameridhika. Chini ya swali hupangwa nyota tano, au nyuso tano kuanzia iliyonuna hadi inayocheka. Mwananchi hubofya mojawapo, hufunga ukurasa na kuendelea na shughuli zake. Majibu hayo hukusanywa, hugeuzwa kuwa asilimia, na asilimia hiyo huingia katika taarifa ya utekelezaji. Makala haya yanakusudia kueleza kama asilimia hiyo inatuambia kweli kinachomkera mtumiaji wa kawaida.

Jibu fupi ni kwamba inatuambia kwa sehemu, na mara nyingi sehemu inayokosekana ndiyo inayouma zaidi.

Tuanze na mahali dodoso linapowekwa. Kidirisha cha maoni kwa kawaida hutokea mwisho wa safari, pale ombi linapokuwa limekwishatumwa. Aliyekwama katikati hakioni. Aliyeandika namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 20 akaambiwa haitambuliki, aliyeambatisha cheti kikakataliwa kwa sababu ya ukubwa wa faili, na aliyeambiwa muda wake umekwisha akaanza upya hadi bando likakatika, wote hao wanaondoka bila kuhesabiwa miongoni mwa wasioridhika. Kidirisha hukutana na waliofika tu.

Mfano unaofahamika sana duniani ni wa Marekani. Tarehe 1 Oktoba, 2013, Serikali ya nchi hiyo ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kuwawezesha wananchi kulinganisha na kununua bima ya afya kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka 2010. Mamilioni ya watu waliitembelea siku ya kwanza. Kumbukumbu za vikao vya watendaji, ambazo baadaye ziliwekwa wazi na kamati ya Bunge la Marekani, zilionesha kuwa waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho siku hiyo walikuwa 6. Sasa tujiulize: kama tathmini ya siku ile ingetegemea dodoso la ukurasa wa mwisho, wahojiwa wangekuwa hao 6, na hapana shaka wangekuwa na furaha kubwa ya kufika.

Miongoni mwa sababu za mkwamo ule ni uamuzi mmoja wa mpangilio. Mtu alitakiwa afungue akaunti kwanza ndipo aone aina za bima na bei zake. Hata aliyetaka kutazama tu alilazimika kupita katika mlango wa uhakiki, na mlango huo ndio uliozidiwa. Baadaye utaratibu ulibadilishwa ili mtu aweze kuona bei bila akaunti. Kasoro ya namna hiyo huonekana haraka kwa kuhesabu ni wangapi walioanza, wangapi waliofika, na ni katika ukurasa upi wengi waliachia njiani. Mfumo wenyewe hutunza kumbukumbu hizo, hivyo hazihitaji mwananchi aulizwe lolote.

Uingereza ililielewa jambo hili mapema. Baada ya kuunganisha tovuti zake nyingi kuwa moja, GOV.UK, mwaka 2012, iliweka viwango vilivyozitaka huduma za mtandaoni zipimwe kwa vipimo vinne vinavyosomwa pamoja: kuridhika kwa mtumiaji, kiwango cha wanaokamilisha, gharama ya kila muamala, na idadi ya wanaochagua njia ya mtandao badala ya karatasi au simu. Kuridhika kukiwa juu huku wanaokamilisha wakiwa wachache, yeyote anayesoma taarifa anajua kuna walioachwa nje.

Suala la pili ni nani hasa anayejibu. Wanafunzi wa takwimu hufundishwa kisa cha jarida la Marekani, Literary Digest, ambalo mwaka 1936 lilisambaza karatasi za maoni zipatazo milioni 10 na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Kwa wingi huo lilitangaza kuwa Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa karatasi yalichukuliwa kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojibu walikuwa wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Intaneti nayo imelirithi tatizo hilo. Tafiti za mwanzo kabisa za watumiaji wa tovuti, zilizoendeshwa na chuo cha Georgia Tech kati ya mwaka 1994 na 1998, ziliwategemea watu waliojitokeza wenyewe mtandaoni kujaza dodoso, na watafiti wenyewe walikuwa wazi kwamba sampuli haikuchaguliwa kwa nasibu.

Kwetu Tanzania kuna mtu wa tatu ambaye madodoso hayamtambui kabisa, naye ni kijana wa steshenari.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsindikiza shangazi yake kuomba nakala ya cheti kupitia mtandao. Shangazi ana simu ya kitochi. Tulikwenda steshenari ya jirani, palipo na kompyuta mbili, mashine ya kurudufu na foleni ndefu. Kijana aliamkia, akasema, “Mama, nipe namba yako ya NIDA na hiyo simu, kuna namba za uhakiki zitaingia sasa hivi.” Shangazi akamkabidhi vyote. Kijana alimfungulia akaunti, akamtungia nywila, akaiandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Mara ya kwanza ombi lilikataa kwa sababu picha ya kiambatisho ilizidi ukubwa unaoruhusiwa, na tulirudi siku ya pili na nakala nyingine. Hatimaye likakubali. Kidirisha cha maoni kilipotokea, kijana alibofya nyota tano bila hata kukisoma, kwa kuwa watu wanne walikuwa wanamsubiri.

Katika kumbukumbu za taasisi ile, shangazi ni mwanamke aliyeomba huduma kwa njia ya kidijitali na kuridhika kwa kiwango cha juu. Ukweli ni kwamba hakugusa kitufe hata kimoja. Alilipa nauli mara nne kwa kuhesabu kwenda na kurudi, akamlipa kijana ujira wake, na akaacha taarifa zake binafsi mikononi mwa mtu asiyemfahamu. Hilo la mwisho si dogo, ikizingatiwa kuwa nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria inazibana taasisi zinazokusanya taarifa, lakini karatasi yenye nywila iliyosahaulika juu ya meza ya steshenari haionekani katika mfumo wowote.

Vijana hawa hawastahili lawama. Wao ndio daraja kwa wananchi wengi, na pengine ndio watumiaji wazoefu kuliko wote wa mifumo ya umma. Ndiyo maana maoni yao hayawezi kusimama badala ya maoni ya mwombaji. Anayejaza fomu ileile mara 20 kwa siku amekwishazoea kila kigingi na anajua pa kukwepea.

Nyumbani nilimuuliza shangazi kama huduma ilikuwa nzuri. Alisema nzuri. Nikanyamaza kidogo, ndipo akaongeza, “Nzuri, ila...” na maelezo yakachukua robo saa.

Hapa kuna jambo la lugha na malezi ambalo dodoso lililoagizwa kutoka kwingine haliwezi kulijua. Mswahili akiulizwa hali hujibu sijambo hata akiwa na homa, na akiulizwa habari za nyumbani husema nzuri kwanza, kisha ndipo hutaja msiba. Neno la kwanza ni heshima, na habari yenyewe huja baada ya “ila”. Kidirisha cha nyota hupokea neno la kwanza na kujifunga. Zaidi ya hayo, mwananchi anayetarajia kurudi katika ofisi ileile kesho hupenda kuonekana mwenye shukrani, hasa pale anapohofia kwamba jina lake linaonekana.

Lipo pia jambo ambalo wataalamu wa usanifu wamelieleza kwa miaka mingi, na Donald Norman aliliandikia kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku: watu hujilaumu wenyewe. Mlango ukivutwa ilhali ulipaswa kusukumwa, mtu hujiona mzembe, ingawa kosa ni la aliyeweka mshikio wa kuvutia. Shangazi naye alisema, “Mimi ndiye sijui kompyuta.” Anayeamini kosa ni lake hawezi kulalamikia tovuti, na kero yake haiandikwi popote.

Kuhusu maswali yenyewe, kipimo kinachotumika sana ni kile cha John Brooke wa Uingereza, alichokitunga mwaka 1986. Kina kauli 10 ambazo mhojiwa hukubali au kukataa kwa ngazi tano, na matokeo hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha, kwa mfano mfumo wa zamani na mpya. Hata hivyo alama hizo si asilimia ya watu walioridhika, kama inavyodhaniwa mara kwa mara, wala hazitaji kasoro iko wapi. Kupata alama 55 ni sawa na kipimajoto kuonesha homa: daktari bado hajajua ugonjwa.

Ili kujua ugonjwa, njia iliyothibitika ni kukaa kando ya mtumiaji na kumtazama akifanya kazi halisi, bila kumsaidia. Jakob Nielsen, mtaalamu maarufu wa fani hii, alieleza mwaka 2000 kuwa watu watano tu wanaweza kufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo, na kwamba ni bora kufanya majaribio madogo mara nyingi kuliko moja kubwa. Hesabu yake hutajwa sana na wasimamizi wa miradi kwa sababu ni nafuu. Tahadhari ni kuwa watano hao wakiwa watumishi wa makao makuu wenye kompyuta za ofisi, matokeo yatahusu watumishi wa makao makuu. Anapaswa kuwapo mwenye simu janja ya bei ndogo iliyopasuka kioo, anayenunua bando la siku, na anayesoma herufi kwa miwani ya kuazima. Ukurasa uliojaa picha kubwa za viongozi na hafla unamgharimu huyu fedha taslimu kabla hajafikia fomu, na sijawahi kuona dodoso linalouliza gharama hiyo.

Mwandishi anakiri kuwa naye amewahi kuandaa taarifa yenye asilimia nzuri ya kuridhika, na hakuuliza ni wangapi walioondoka kabla ya kuulizwa. Takwimu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya watu wachache kuliko ilivyoonekana.

Madodoso yasitupwe kwa sababu hizo. Yakirudiwa kwa maswali yaleyale huonesha kama hali inapanda au inashuka, na nafasi ya kuandika maneno huru mara nyingi huwa na thamani kuliko nyota zote. Huko ndiko “ila” huandikwa, kama kuna mtu wa kuisoma.

Kwa wananchi, maoni hayalazimiki kusubiri kidirisha. Mfumo wa Serikali wa e-Mrejesho hupokea malalamiko, mapendekezo, maulizo na pongezi kuhusu taasisi za umma, na unafikiwa pia kwa simu isiyo na intaneti kwa kupiga *152*00#. Maelezo yanayowasaidia mafundi ni yale yanayotaja siku na saa, hatua uliyofikia, maneno kamili ya ujumbe uliotokea, aina ya simu na mtandao uliotumia. Kama uliomba kupitia steshenari, andika hivyo, na utaje pia ulikwenda mara ngapi. Usiandike nywila wala namba za uhakiki, na kama kuna mtu mwingine aliyekutungia nywila, ibadilishe.