Daftari la Sheikh na Mawe ya Shambani Mwako

Ndugu mkulima, ukilima karibu na Takaungu huenda jembe lako limekwisha gonga ukuta wa kale, au umekuta kisima ndani ya kichaka. Kabla hujayavunja mawe hayo ukayachoma kuwa chokaa, soma habari hii.

Mwaka 1837 Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, aliitwaa Mombasa, na utawala wa Wamazrui ukaisha huko. Baadhi yao walihamia Takaungu, wengine Gazi. Habari za watawala hao wa Mombasa ziliandikwa kwa mkono, kwa Kiarabu, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937. Alifariki mwaka 1947, na maandishi hayo hayajapigwa chapa. Kitabu kilitoka mwaka 1995, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. McL. Ritchie. Hebu fikiri: miaka 48 ya mchwa, ya unyevu wa pwani, na ya watoto watafutao karatasi ya kuwashia moto! Yasingalitunzwa, kazi hiyo ingalipotea.

Usiseme hayo ni mambo ya masheikh tu. Sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani apeleke dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Mijikenda wengi waliijua ardhi yao kwa makaburi, miti na kaya. Karatasi hawakuwa nayo.

Basi nunua daftari la shule. Andika jina la kila kisima, kaburi na mbuyu mkubwa ulio shambani, jina la mzee aliyekueleza, na tarehe. Wazee wawili wakihitilafiana, andika maneno ya wote wawili. (Sisi makarani hupenda kusawazisha mambo, usituige.) Daftari liweke sandukuni, mbali na sakafu.

Ukigundua magofu au chombo cha kale, sheria ya mwaka 2006 inakutaka uwape habari Makumbusho ya Taifa katika siku 7. Mwambie chifu akuonyeshe njia. Ukifika Kilifi, pitia Mnarani, ambako misikiti na makaburi ya kale hutunzwa na Makumbusho hayo hayo.